Neno Bizi Nyumbani kwa Mama

Mama alikuwa na njia nyingi za kusema ana shughuli: nina kazi, nimeshikika, mikono imejaa. Lakini hakuna hata moja iliyomfukuza mgeni. Kwetu Matinyani, ukimkuta mtu akimenya mbaazi, unaketi, unavuta ungo upande wako, mnamenya pamoja huku mkiongea.

Neno bizi tuliletewa na kaka yangu, alipofungua duka la simiti kule barabara ya Mombasa. Mama akimpigia simu, jibu lilikuwa moja: "Niko bizi, nitakupigia." Hapigi. Mwishowe Mama akawa anamuuliza, "Uko bizi?" hata kabla ya salamu. Mimi nililichukia neno hilo kuliko viroboto.

Mwezi wa nane akaja mwenyewe. Alisimama uani na funguo za gari mkononi, akasema amepitia tu kutusalimia, kwa sababu yuko bizi.

Nilifungua mdomo nimjibu vile anastahili. Mama akanitangulia, akasukuma ungo wa mbaazi mbele yake.

"Hata sisi tuko bizi," akamwambia polepole. "Keti utusaidie."

Akaweka funguo chini.