Plastiki ya bakteria, Kolwezi: mchanganyiko ulikuwa sahihi, mshirika akaumwagia maji

Saa nne na dakika ishirini asubuhi kikombe cha kwanza kilitoka kwenye mashine yangu. Nikakibonyeza. Kikapasuka kama biskuti.

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi. Kemia nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu na video. Haya yamenikuta mimi, siongezi chumvi.

Mama Ngoie ana kitalu cha michungwa Sandoa. Aliniagiza vikombe vya miche: unapanda mche na kikombe chake, kinaoza ardhini. Lori lake lilikuwa linaondoka siku hiyohiyo.

Malighafi ni PHB, plastiki inayotengenezwa na bakteria. Wakilishwa sukari, huigeuza PHB na kuiweka mwilini kama akiba. Inaoza vizuri, lakini peke yake haikunjiki, inavunjika. Kwa hiyo huchanganywa na plastiki laini inayooza pia, PBAT. Majaribio yangu ya saba kwa tatu, PHB saba na PBAT tatu, yote yalikunjika vizuri.

Sasa hiki kimepatwa na nini?

Joto, sawa. Mizani, sawa. Nikatia mkono kwenye pipa la unga wa PHB: unyevu! Unga niliokausha kwenye tanuri jana kutwa!

Mshirika wangu, Tata Kalenga (huku kila mwanamume mzima ni tata, yaani baba), zamani alinunua madini kwa wachimbaji wa mgodi wa Mashamba. Kule depo, ghala la kununulia madini, unga wa madini ukitimka, unanyunyiziwa maji.

"Vumbi ilikuwa inapanda, Tata. Njo nikamwanga mayi kidogo," akaniambia.

"Nilikuambia ikae mukavu!"

"Bidon yote ya Kolwezi inabebaka mayi. Uliona moja imekufa?"

Wakuu, nikamweleza. Bidoni, dumu la maji, ni plastiki nyingine, na hubeba maji baridi. Hizi zetu zikiyeyushwa kwenye mashine zikiwa na unyevu, maji yanakatakata minyororo yake mirefu ya molekuli. Nguvu inakwisha.

Kalenga akashauri tuongeze ile laini, PBAT. Nayo alikuwa ameinyunyizia! Kukausha upya ni kutwa nzima, na lori halingoji.

Mama Ngoie akafika, akavunja kikombe kwa vidole viwili, akanigeukia. "Tata, hii ni ya kupanda ao ya kula na chai?" Akaenda kupakia vifuko vyeusi vya nailoni, vile vile alivyotaka kuachana navyo.

Funzo: msibishane kuhusu uwiano kabla ya kukausha malighafi. Na pipa lifungwe kwa kufuli.

Aliyewahi kutuliza vumbi la PHB bila maji anieleze hapa. Tata Kalenga anausoma uzi huu na bado anabisha. Mwelezeni ninyi, mimi nimechoka.

Hasara yote: dola 410.