Sanda ya Wafumaji

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia hunilazimu kuweka chini nilichoshika. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Niliingia katika ukumbi wa kufumia wa kile kiwanda cha nguo pale Temeke baada ya kutoonekana kwa siku tatu, moyoni nikijua kwamba kazi nimeipoteza, maana kanuni ilikuwa wazi: siku tatu bila taarifa, jina linafutwa. Nikazikuta mashine zangu nne zinafuma. Mbele yake alisimama Mzee Mbwana, mfumaji aliyenifundisha kazi, akihudumia zake nne na zangu nne, macho mekundu kwa uchovu. Hakunisalimu.

Ili uelewe kwa nini hakunisalimu, ni lazima nikueleze uongo wangu, na uongo huo ulianzia nyumbani.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa hapa Kiwalani, kwenye baraza ya nyumba hii ninamoandika haya. Alinisomesha hadi kidato cha nne kwa mguu wake uliokanyaga cherehani, na alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwanawe atakaa ofisini. Nilipomaliza shule ofisi hazikuniita. Kiwanda kiliniita. Nikamwambia baba kwamba nimepata kazi ya ukarani, nahesabu majora ya vitambaa stoo. Kila siku nilitoka nimevaa shati jeupe na tai, nikavuka reli kwa miguu, nikafika kiwandani na kubadili nguo: ovaroli ya buluu, yenye mafuta kwenye magoti. Jioni niliosha kichwa bombani mara mbili, kwa sababu vumbi la pamba hukaa kwenye nywele kama mvi, ndipo nikavaa tena tai yangu nirudi nyumbani.

Wenzangu waliniita Karani. "Karani, leo umesahau kalamu," alikuwa akinitania mmoja. Mwingine akamjibu, "Mwache bwana, anaandika kwa uzi." Hawakuwa na ubaya. Mimi ndiye niliyekuwa na ubaya, kwani nilicheka pamoja nao huku nikiomba wasijue ninakoishi.

Mle ukumbini, mwanangu, sauti ya mtu haikuwa na kazi. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba ungeweza kulia kwa nguvu zote na aliye ubavuni pako asisikie. Tulizungumza kwa midomo na mikono. Mgeni alidhani tumenyamaza kutwa nzima, kumbe tulikuwa tunasemana, tunachumbiana, tunapeana habari za misiba. Nilijifunza kusoma midomo kwa Mzee Mbwana kabla sijajifunza kuunga uzi uliokatika.

Na tulikuwa na desturi yetu. Kiwanda kilifuma bafta, kile kitambaa cheupe ambacho kwa nusu ya mji huu ndicho nguo ya mwisho. Mfanyakazi akifiwa na mzazi, mke au mtoto, sisi wa zamu yake tulichanga, tukanunua bafta tuliyoifuma kwa mikono yetu, tukaipeleka wenyewe msibani ikawa sanda. Tulikwenda na ovaroli zetu, wanawake wakijifunga kanga juu yake, tumejaa kwenye lori la kiwanda. Wapagazi, mafundi, wafumaji na wasokotaji, wote walikwenda. Hatukuacha mwenzetu amzike mtu wake kwa sanda ya dukani.

Sasa unaona nilikonaswa. Baba alifariki alfajiri ya Jumamosi moja, baada ya homa ya wiki mbili. Ilinipasa kupeleka neno moja tu kiwandani. Lakini nilijua kwamba neno hilo litarudi na lori zima la ovaroli za buluu, litasimama mbele ya baraza hii, na majirani wote watajua kwamba karani hakuwa karani. Nikakaa kimya. Nikatuma mtu Kariakoo akanunue sanda. Tukamzika baba alasiri, na wala simlaumu aliyeshika jeneza wala aliyesoma dua. Walikuja majirani, walikuja wateja wake. Waliofanya kazi nami hakuja hata mmoja.

Siku ya pili ya matanga ami yangu aliniinamia mkekani akaniuliza polepole, "Saidi, wenzio wa ofisini mbona hatuwaoni?"

"Kuna ukaguzi wa mahesabu, ami. Hawakupata ruhusa."

"Wote?"

Nikasema ndiyo, wote. Hakuniuliza tena. Alinitazama kama mtu anavyomtazama yatima ambaye ana ndugu lakini hawamjii. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nami kilio kiliniumbua nikiwa nimekaa katikati ya watu, nimezungukwa na mabega ya waombolezaji, na sijapata kuwa peke yangu duniani kama nilivyokuwa siku ile. Naujua upweke, mwanangu. Mke wangu ametangulia, watoto wako mbali. Upweke huu wa sasa nimeletewa na Mungu na miaka. Ule niliujenga mwenyewe, tofali kwa tofali.

Nirudi sasa kwenye asubuhi ile. Mzee Mbwana hakuwa amejua lolote kwa siku mbili. Alizishika mashine zangu kwa kudhani tu kwamba naumwa, na msimamizi wa zamu alipokuja na daftari lake kufuta jina, alimwambia, "Mashine zake zinafuma. Wataka nini zaidi?" Siku ya tatu mama mmoja wa usokotaji, aliyekuwa akipita Kiwalani kila siku kwenda kwake, aliniona nimekaa kwenye mkeka wa matanga, akauliza, akaambiwa. Habari ikafika ukumbini.

Nilisimama mbele ya Mzee Mbwana. Alinigeukia, akahakikisha namtazama usoni, kisha midomo yake ikasema, bila sauti, katikati ya kelele zile zote:

"Baba yako amekufa, nami nimenyimwa kumzika."

Nikafungua mdomo. Akainua kiganja kunizuia.

"Nilikukosea nini?"

Ukifokewa, mwanangu, unaweza kuchukia, na chuki hukupa mahali pa kujificha. Midomo haifoki. Maneno yale yaliniingia yakiwa mazima, sikuwa na kelele ya kuyalaumu. Nililia pale, na kwa kuwa hakuna aliyesikia, niliendelea kuunga nyuzi huku nalia.

Zamu ilipokwisha alinifuata bombani nikiosha kichwa. Alikuwa na furushi la gazeti. Ndani yake mlikuwa na bafta, imekunjwa vizuri.

"Hii ilikuwa ya baba yako," alisema, na mara hii kwa sauti. "Tulichanga jana. Mzee keshazikwa, lakini desturi ni desturi. Chukua."

"Mzee, mie sikutaka..."

"Najua usichokitaka. Karani, sie tumeivumilia tai yako mwaka mzima, hatukuionea aibu. Wewe ovaroli zetu zimekufanya nini?"

Hata leo jibu ninalo nusu tu. Nilidhani naificha kazi. Kumbe kazi haifichiki peke yake. Ukiificha, unawaficha na watu ulio nao ndani yake, na siku utakapowahitaji watakuwa hukohuko ulikowaficha.

Ijumaa iliyofuata nilimwongoza Mzee Mbwana hadi kaburini kwa baba. Nilivaa ovaroli kutoka kiwandani hadi Kiwalani, mchana kweupe, nikijiona kana kwamba nimetoka uchi. Mtaa mzima ulituona. Na unajua walisema nini? Muuza kahawa alituita, akashika mkono wa ovaroli yangu, akauliza, "Kumbe bafta mnafuma nyie? Mbona siku hizi nyepesi hivi?" Basi. Hilo tu ndilo neno nililoliogopa mwaka mzima, nikamzika baba yangu katika uongo kwa ajili yake.

Lipo jingine, na hili huwa silisemi. Jioni moja kabla ya kuugua, baba aliniita karibu na cherehani yake. Akanyoosha mkono, akanitoa unyuzi wa pamba nyuma ya sikio. Akauangalia kwenye mwanga, akausokota kwa vidole viwili, akauweka mfukoni. Kisha akaniambia nikale. Baba alikuwa ameshika nguo tangu ujana wake. Je, fundi kama yule angeshindwa kutambua pamba ambayo bado haijawa uzi, isiyoweza kumkaa nyweleni mtu anayehesabu majora stoo? Nadhani alijua. Nadhani alinisubiri nimwambie. Nimeishi na dhana hiyo muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote, na hakuna wa kunithibitishia.

Nayaandika haya kwa sababu ya Zuhura, binti wa jirani yangu, mwenye diploma yake. Alikuja wiki iliyopita akakaa barazani. Mashine zile zilichukua masikio yangu kidogokidogo, kwa hiyo naishi kwa kusoma midomo, na vijana wa siku hizi mmeinamia simu, midomo yenu siioni. Hupita siku nzima mtaa huu uliojaa watu ukawa kwangu kama picha. Lakini Zuhura aliinua uso.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Nimeitwa kiwandani, kule wanakotengeneza chupa za plastiki. Marafiki zangu wananicheka. Wanasema diploma yote ile nikavae aproni?"

"Wao wanafanya kazi gani?"

Akacheka kidogo. "Wapo wapo tu, babu. Wako mtandaoni."

"Na nyumbani umesemaje?"

Akainama. Kisha akakumbuka, akainua tena uso ili nimwone. "Nimewaambia ni kazi ya ofisini."

Nilimsogeza karibu nami. Kisha nikamweleza yote niliyokueleza wewe.

Husemwa kwamba vijana hawataki tena kazi za viwandani. Nilikwenda kujionea kwenye lango moja asubuhi. Wanazitaka. Walijipanga ukutani wengi, vyeti kwenye bahasha, na kila alipopita mtu wanayemfahamu waligeuzia nyuso zao ukutani. Nilijiona mimi katika kila mgongo. Wala sitakudanganya kwamba kiwanda ni pepo. Kilichukua masikio yangu na vifua vya wenzangu wengi. Leo wapo wanaoajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu kupitia wakala, ili wasizoeane hata wakajuana misiba. Hilo ni dhuluma, na ni wajibu wako kulisema ukiwa ndani. Lakini kilinipa ufundi ambao hakuna awezaye kuurudisha dukani, kikanipa na watu ambao wangesimama kwenye mashine yangu siku tatu bila kuniuliza. Kazi mbaya si mchezo mwema, walisema wazee wetu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiitwa kiwandani, uliza kabla ya kuingia: mkataba wangu u wapi, masikio yangu yatakingwa na nini, pua yangu itafunikwa na nini. Wakikosa jibu, ondoka bila haya. Ukiingia, ingia kwa jina lako, na jioni urudi nyumbani na vumbi lake ukaliseme. Mweleze mzazi wako unachofanya angali anasikia. Jifunze majina ya walio kushoto na kulia kwako, wafiwapo uende, ufiwapo uwaite. Aibu ya kazi halali ni deni unalolipa kwa watu wasiokudai.

Bafta ile bado ninayo, kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, ndani ya gazeti lililogeuka kahawia. Mzee Mbwana hayupo, na kati ya wote waliochanga siku ile sijui hata mmoja aliye hai. Nimewaambia watoto wangu kwamba siku yangu ikifika wasiende dukani. Sanda yangu ilifumwa na wenzangu, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Jumatatu asubuhi Zuhura alipita hapa. Alisimama mbele ya baraza, akangoja hadi nikamtazama. Aproni yake ya kijani ilikuwa mkononi, haikuwa mkobani. Midomo yake ikasema polepole, kwa kunihurumia:

"Babu, naenda kiwandani."

Nenda, mwanangu, nawe unayesoma hapa uende. Mungu akulinde masikio na kifua, akupe riziki isiyohitaji kufichwa, akuzungushie watu wanaolijua jina lako. Na siku ya msiba wako, lori lao lisikose kusimama mlangoni pako. Amina.