Ekseli za Gari ya Bwana Harusi

Ukitaka kumjua mume wangu Shaame, usiulize nyumbani. Nenda gerejini kwake, hapa Chake, njia ya kuendea Vitongoji, simama mlangoni useme, "Shaame, hii itakatika." Atakachokufanyia utakuja kunihadithia. Miye nimemwona akimfukuza mteja na gari yake, mteja wa maana, kisa kasema zile springi zitakatika. "Toka hapa na uchuro wako!" Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, anapiga makelele barabarani kwa neno moja.

Uchuro Pemba tunaujua sote. Ubaya haukaribishwi kwa mdomo. Mwenye mimba hatajiwi msiba, wala anayesafiri hatajiwi ajali. Hayo sawa, tumekua nayo. Lakini Shaame kayatia mpaka kwenye vyuma! Gerejini kwake kitu hakikatiki, hakipasuki, hakifi. Ukiona ufa unanyamaza, unasubiri auone mwenyewe. Na aghlabu huuona, maana kazi anaijua, na lori nyingi za karafuu za kisiwa hiki yeye ndiye aliyezifungua giaboksi na difu. Ana mkono mzito na roho nyepesi, akicheka anashika ubavu. Na mkaidi, mkaidi, mkaidi. Nalala naye kitanda kimoja, najua ninalosema.

Ana mchomeleaji wake, Danford, mtu wa bara, Sengerema huko. Mkewe ni mwalimu wa skuli, akahamishiwa huku, naye akamfuata na mashine yake ya kuchomelea. Mkristo mpole, kazi yake safi. Mwanzo mwanzo, hajazijua mila zetu, alitazama propela ya lori moja, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma, akasema waziwazi, "Fundi, hii haifiki Konde." Na haikufika. Ilikatika mlimani, lori likarudi kinyumenyume likaingia kwenye mihogo ya watu. Unadhani walimshukuru? Thubutu! Walisema mdomo wake ndio ulioikata. Mzee mmoja alikwenda gerejini kabisa kuuliza huyu mtu wa bara ana kitu gani. Danford alikosa usingizi kwa hofu, na toka hapo akiona ufa hutazama pembeni.

Ndipo ikaja gari ya Abdulnasir.

Abdulnasir ni kijana wa mjini hapa anayefanya kazi Maskati. Alirudi kumuoa Laila, binti wa jirani yangu Bi Moza. Laila huyo nimemsuka nywele tangu hajaota meno ya mbele, ananiita mama mdogo ingawa damu hatuchangii. Gari ilikuwa ya babu yake Abdulnasir, aliinunua enzi karafuu ni dhahabu, kabla ya Mapinduzi: nyekundu, ya mashindano, viti viwili tu, haina paa. Miaka yote ilikaa kwenye banda la karafuu inatagiwa mayai na kuku. Injini yake ilikuwa imeoza. Abdulnasir akaleta injini nyengine kwa meli, yenye nguvu maradufu.

"Mzee Shaame," alisema, "nataka nimchukue mke wangu kwa gari ya babu. Na nataka iende, isijikongoje."

Injini ikaingia. Siku ya kwanza kuijaribu, klachi ikaungua. Shaame akatia klachi ya gari kubwa. Klachi iliposhika, giaboksi ikang'oka meno. Akatia giaboksi ya pikapu. Giaboksi ilipovumilia, propela ikajipinda, na alipotia propela nene, difu, lile sanduku la gia baina ya matairi ya nyuma, ikalia na kumwaga vyuma. Kila alipokaza mahali pamoja, pa mbele yake pakashindwa. Niliwapelekea chai siku moja nikasimama kutazama. Miye si fundi, lakini macho n'nayo. Nikasema, "Shaame, nguvu hii inatafuta pa kutokea." Alinikata jicho, chai hakuinywa.

Mwisho zikabaki ekseli, vile vyuma viwili vinavyotoka kwenye difu kwenda kushika matairi ya nyuma. Zilikuwa zile zile za babu, nyembamba, na mpya hazipatikani popote. Shaame akakata ekseli za lori bovu, akaamuru ncha za zamani zichomelewe kwenye vyuma vile vinene. Danford akachomelea vizuri, akasema ziachwe zipoe zenyewe taratibu, ndivyo chuma kinavyobaki na nguvu. Shaame hakuwa na subira, harusi ilikuwa imeshakaribia. Alizimwagia maji zingali nyekundu, zikalia chwaa.

Asubuhi ya harusi nilikuwa nafagia uwanja, nikamwona Danford kasimama penye ua, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Mama, jana kabla ekseli hazijafungwa, Fundi alikwenda kuswali. Nikazipaka mafuta ya taa, nikazifuta, nikazipaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyoingia hutoka yakalowesha chaki. Ile ya kushoto imechora mstari, umezunguka karibu wote."

"Umemwambia?"

Akatazama miguu yake. "Alirudi akazifunga. Mama, mimi siwezi tena. Nikisema halafu ikatokea, wataniua."

Nilitupa fagio. Shaame alikuwa chumbani anapiga pasi kanzu yake, anaimba.

"Shaame, ekseli ya kushoto ina ufa. Danford kauona. Laila hapandi gari ile."

Pasi ikasimama. "Mwatum, leo siku ya furaha ya watu. Funga mdomo."

"Sifungi. Itakatika."

Alinigeukia, na wallahi nilimwogopa. "Weye ni mke wangu au adui yangu? Unamtajia kifo mtoto wa watu siku ya harusi yake?"

"Basi kaifungue uitazame! Chaki ipo, mafuta yapo!"

Hakwenda. Ilikuwa kazi ya kuinua gari na kutoa tairi moja tu. Lakini kwenda kuitazama baada ya neno langu kungekuwa ni kulikubali neno langu, na hilo Shaame haliwezi. La kuvunda halina ubani. Nikajitia buibui nikaenda kwa Bi Moza.

Nyumba ilijaa wanawake, udi umetanda, sufuria za pilau uani. Nilimvuta Bi Moza pembeni, lakini sauti yangu haijui pembeni. Nilipofika kwenye neno "ufa" wote wakanigeukia.

"Mwatum!" Bi Moza alinishika mkono kwa kucha. "Usinichurie mwanangu! Nimekukosea nini?"

Wengine wakasema audhubillahi, mmoja akatema mate kando. Kwa mlango ulio wazi nilimwona Laila ndani, kakalishwa juu ya kitanda na hina yake, kichwa kainamisha. Bibi harusi hajibu, hasemi, hakatai. Aliinua macho akanitazama, akayashusha.

Maneno yalimfikia Shaame kabla sijatoka. Alikuja na gari yenyewe, imeshapambwa maua, yuko peke yake na kanzu yake ya pasi. Akasema kwa sauti, wanaume wote wa barazani wasikie, "Gari ina ubovu? Haya, miye ndiye wa kwanza!" Akaondoka kwa kishindo, vumbi likatufunika, akenda mpaka Vitongoji.

Nilikaa chini palepale penye mlango. Nilimsomea kila dua niliyoifunzwa utotoni, nikimtukana katikati.

Akarudi mzima. Vigelegele hivyo! Abdulnasir, aliyekuwa ameshaozeshwa msikitini, akamkumbatia. Shaame akanitafuta machoni akacheka kile kicheko chake. "Umeona?" Nami, nasema kweli, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikajiona mjinga, nikataka kumwomba radhi Bi Moza.

Kisha nikamwona Danford nyuma ya watu. Yeye hakufurahi. Alinikaribia akasema chini chini, "Mama, ufa hauponi kwa safari. Kila akikanyaga mafuta unaingia ndani zaidi."

Laila alikuwa ameshatolewa, keshakalishwa kwenye kiti cha kushoto. Niliingia mbele ya gari nikaweka mikono yangu miwili juu ya boneti. Sikumbuki nilichosema. Nakumbuka wanawake wakinivuta mabega, buibui likinivuka, watu wakiniona kichwa wazi, na Shaame mwenyewe, mume wangu, akinibeba kiunoni kuniweka kando. Honi zikalia, msafara ukaondoka.

Haikufika mbali. Ilikuwa mteremko wa kwanza nje ya mji, honi bado tunazisikia. Waliokuwa nyuma walisema tairi la kushoto lilitoka na kipande chake cha ekseli, likawapita maharusi, likaenda zake peke yake. Gari ikajizungusha ikaingia kwenye mikarafuu. Abdulnasir kavunjika mguu na mbavu, yu hai. Laila alifia pale pale. Miye ndiye niliyemwosha, pamoja na shangazi yake, na hina ilikuwa nyekundu mpaka kwenye vifundo.

Sasa sikiliza hili, maana hili ndilo linalonila. Hakuna aliyemlaumu Shaame. Hata mmoja! Walikuja kumpa mkono wa pole, kadari ya Mungu, siku yake imefika, sote njia moja. Abdulnasir, mguu umefungwa plasta, alimwambia, "Fundi, usijitie unyonge, ni maandiko." Kama kuna aliyetazamwa vibaya ni miye na mdomo wangu. Sokoni mpaka leo kuna wanaohama upande wa pili nikipita. Na wahame.

Shaame alikonda. Siku ya hitima alijikaza akaenda kwa Bi Moza, akapiga magoti kwenye mkeka mbele yake. Nilikuwepo. Akasema, "Bi Moza, zile ekseli nilizimwagia maji kwa haraka. Tena niliambiwa moja ina ufa. Niliambiwa asubuhi ile, sikuitazama."

Bi Moza alimwekea kiganja mdomoni. "Usiseme, mwanangu. Usiseme. Mungu kampenda." Akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake, yeye aliyefiwa.

Tulirudi nyumbani. Asubuhi yake alivaa nguo za kazi, akafika mlangoni, akakwama hapo. Nilidhani mgonjwa.

"Mwatum," alisema, "niambie weye."

"Nikwambie nini?"

"Unajua."

Nilikuwa nimeyaweka maneno yale moyoni kwa hasira, nimeyanoa niyatumie siku yake. Siku imefika, nikaona mazito kuyainua. Nikamtazama nikamwambia, "Uliambiwa, Shaame. Ulijua. Umemuua mtoto wa Moza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyepewa maji. Akasema ahsante, akaenda kazini.

Kesho yake alisimama tena pale pale mlangoni, akaningojea. Na kila siku anasimama, wala hatoki mpaka nimwambie. Nampenda mume wangu, na hakuna mwengine atakayemfanyia. Leo pia nimemwambia.