Shaba Iliyosuguliwa kwa Ukwaju

Mama mkwe alipokuja kutoka Unguja kukaa nasi Wembley, nilikuwa na vipande kumi na vitatu vya shaba katika trei moja. Mwishoni mwa karne ya kumi na nane serikali ya hapa haikutoa sarafu ndogo za kutosha, na wafanyabiashara wa Uskochi wakatengenezesha zao, kila mmoja akitia jina la duka lake. Hayo nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba, mizani ndogo na lenzi. Mama mkwe aliwahi kusema, mara mbili, kwamba mwanamume wa umri wangu hachezi na vikorokoro.

Kipande kimoja, cha mji wa Dundee, kilikuwa na mgogoro. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanyaji alisema mbele ya wanachama kwamba ni nakala ya juzi, na kwamba elimu ya maktaba haitoshi kuitambua. Uzito ulikuwa sawa. Maandishi ya ukingoni yalikuwa sawa. Ushahidi wangu mkubwa ulikuwa rangi, ule ukahawia mzito ambao shaba huupata kwa miaka mia mbili. Tulikubaliana akitazame Jumamosi mchana, kisha aandike uamuzi katika daftari la chama.

Jumatano nilimweleza mke wangu haya mezani. Mama alikuwa akila, hakuinua kichwa.

Ijumaa nilikikuta kile cha Dundee jikoni juu ya kitambaa, kinang'aa kama kitasa kipya. Kando yake palikuwa na bakuli la ukwaju na chumvi, na waya wa kusugulia masufuria.

"Nimekusafishia, baba," alisema. "Kwetu shaba haikai na uchafu namna ile. Watu watasema mwanangu hajui usafi."

"Na vile vingine, mama?"

"Kwani una vingine? Mie sikuviona."

Mkwe hafokewi. Nilisema ahsante.

Jumamosi mwenyekiti alikigeuza mara moja tu.

"Hiki kimetoka kiwandani jana," alisema, na watu wakacheka.

"Kimesuguliwa."

"Na nani, bwana?"

Alikuwa ameshakamata kalamu. Ningejibu kweli, kila mkutano wangeanza kwa kuniulizia hali ya mkwe wangu.

"Nimekisugua mimi."

"Basi umefuta ushahidi wako kwa mkono wako. Na bado unataka tukusikilize."

Aliandika: nakala. Ni kosa, na limo daftarini kwa wino.

Niliporudi, Mama alikuwa sebuleni na chai yake.

"Wamekipenda?"

"Sana, mama."

"Si nilikwambia? Niletee basi na vile kumi na viwili."

Alinitazama usoni alipokuwa akisema hivyo, kisha akarudi kwenye chai. Jumatatu nilinunua kufuli la kabati. Mke wangu ameniuliza ufunguo uko wapi. Nimemwambia amuulize mama yake kwa nini upo.