Seremala Aliyekataa Kung'oa Msumari

Habari imenifikia jana sokoni Birere, katikati ya kelele za wauza maharage: yule seremala wa mtaa wetu wa zamani, Majengo, amefariki. Aliyenipa habari aliongeza kwamba marehemu alikuwa mtu wa roho mbaya. Sikubali. Alikuwa mtu wa kushuku, na katika Zaïre yetu hii mimi naona kushuku ni akili.

Mnajua desturi yetu. Jirani akihama, mtaa mzima huja kumng'olea nyumba yake ya mbao, ubao kwa ubao, na kumjengea upya aendako. Naye huwapikia watu, basi. Sasa wakaja mabwana wenye kamba za kupimia, wakapigilia vigingi, wakasema reli inapita hapa, tupishe maendeleo. Tulishangilia. Seremala peke yake ndiye aliyeuliza: "Hiyo treni inatoka wapi? Mutuonyeshe kwanza hata kipande ya reli!" Wakamjibu, "Papa, ile ni mambo ya Kinshasa," wakaenda zao.

Jirani wa kwanza alipoanza kuhama, wote wakakimbilia kumsaidia. Seremala, fundi kuliko sisi sote, akajifungia ndani. Mama aliyekuwa akihama akamgongea: "Papa, weye ndiyo ulijenga ile nyumba yangu, leo unakataa kutusaidia?" Akajibu dirishani: "Mama, kujenga nitakujengea tena. Kubomoa, sitang'oa musumari hata moja. Mukienda mbio hivi, nani atabakia wa kuuliza?" Wakamwita mchoyo, hata mchawi. Haikupita wiki, nyumba iliyobaki ikawa yake tu, juu ya yale mawe meusi ya volkano.

Reli hatujaiona mpaka leo. Tulichoona ni kuta ndefu, mageti ya chuma na magari ya watu tusiowajua. Majirani wametawanyika, wengine hadi Kanyaruchinya, na viwanja vyao havirudi. Seremala aliokoa kiwanja chake, lakini alizeeka bila jirani wa kumwomba hata chumvi. Hilo linaniuma sana.

Watu husema tulifukuzwa na askari. Askari gani? Mimi sikumwona hata mmoja. Tulibomoana wenyewe, kwa upendo, huku tukicheka na kula maharage ya kuagana. Ndiyo maana siku hizi nikiona majirani wanakuja na nyundo kumsaidia mwenzao ahame haraka, nawauliza kwanza kazi hiyo wanamfanyia nani.