Alfayo Saundi, Sosiot

Alfayo alikuwa na redio ya kucheza CD, ya kwanza pale Sosiot, na kiburi kikubwa kuishinda. Wachumaji wa majani chai walinunua kaseti alizonakili kutoka kwa CD kila mwisho wa mwezi. Wimbo ukifika penye utamu, sauti yake ilidakia: “Alfayo Saundi, Sosiot! Mwizi, koma!” Mwizi mwenyewe ni Weldon wa Roret, aliyezinakili kaseti hizo na kuziuza kama zake. Kana kwamba Alfayo naye aliwahi kumwomba mwimbaji yeyote ruhusa. Thubutu!

Kwaya ya kanisa lao iliporekodi Nairobi, ilirudi na CD moja tu, ikampa aihamishie kwenye kaseti. Ubeti wa tatu aliuimba mkewe, Dorcus, peke yake. Sauti ile, jamani, ilikunyamazisha hata ukiwa na njaa. Alfayo akajua hapo ndipo Weldon angepamezea mate, akapiga kelele zake juu ya ubeti mzima. Kisha akaikwaruza CD kwa msumari asije mwingine akainakili, akawaambia wanakwaya mashine imeiharibu.

“Baba Akello,” Dorcus alimwambia, “si ungeniachia hata mstari mmoja?”

“Hii ni biashara, mama. Utaimba ukipika.”

Na kweli aliimba akipika, mpaka homa ya mapafu ikamchukua, binti yao Akello akiwa bado ananyonya. Studio ya Nairobi nayo ilikuwa imefungwa, CD nyingine haipatikani. Alfayo aliisikiliza ile kaseti mpaka akajichukia: kila mkewe alipovuta pumzi aanze, yeye mwenyewe alimkatiza. Akameza aibu, akaenda Roret.

Weldon alicheka mpaka akashika tumbo. “Unataka safi kwangu? Mimi nilitoa kwako! Hiyo kelele yako tu ndio niko nayo.”

Akello alipoanza shule, jioni moja alikaa nje akichambua mboga, akiuimba wimbo wa mama yake. Alfayo akatega sikio mlangoni. Sauti ni ile ile, ile ile kabisa! Beti mbili zikapita. Mtoto akavuta pumzi, akakaza koo: “Alfayo Saundi, Sosiot! Mwizi, koma!” Kisha akaendelea na ubeti wa nne.

“Haiendi hivyo, Akello,” baba yake alisema, machozi yakimlenga.

“Kwani inaenda aje, baba?”

Alfayo akafungua mdomo amfundishe, akakuta maneno ya ubeti ule hayajui.