Filimbi ya Afande Zedekiah

Bwana yangu Zedekiah alistaafu jeshi akiwa sajini, lakini jeshi haikustaafu ndani yake. Alirudi hapa kwa milima juu ya Bwera, akanunua ngombe kadhaa ya maziwa, akakuja na filimbi. Filimbi ndio anapenda zaidi.

Asubuhi anapuliza. Ngombe inapanga laini, si kwa heshima, ni kwa sababu pumba iko upande ile. Yeye anafikiri ni heshima. Miaka yote ya kambi alifikiri vile hata juu yangu.

Kila ngombe iko na cheo. Ile inatoa maziwa mingi anaiita Kapteni, inakula matete laini, pumba ya mahindi na chumvi ya Katwe. Ile inatoa kidogo ni kuruti, inakula maganda ya matoke. "Hapa hakuna mutu anakula bure!" anasema, na yeye mwenyewe amekaa kwa kiti anangojea chai.

Sasa, Kapteni ilikuwa yangu mimi. Kaka yangu Yonasani alinipa ikiwa ndama, akaitoa Mahango kwa miguu. Zile zingine ni za pensheni ya afande. Ile moja ndio mali yangu hapa duniani, ukiacha masufuria.

Dume ya jirani yetu Kambale ikavunja uzio. Miezi ikapita, maziwa ya Kapteni ikaanza kupungua, vile ngombe ya mimba inafanya ikikaribia kuzaa: inapumuzika, inalisha tumbo. Hata mutoto anajua. Utasema afande hakujua? Nilimwambia mimi.

"Afande, ngombe iko na mimba. Ongeza pumba."

"Mimba? Nani alimupa ruhusa ya kutoka kambi?"

"Na ile mutoto ulizaa nje kule Katunguru, wewe ruhusa ulipewa na nani?"

Akavaa kofia. Kesho yake akashusha Kapteni cheo. Kuruti! Maganda tu, bila pumba, bila chumvi, mpaka irudishe maziwa. Nikimwaga pumba kwa siri, anaizoa, anapea zingine. Mutu mwerevu sana: ananyima chakula ili maziwa ikuje. Ni kama kuzima moto ili sufuria ichemuke.

Kapteni ikakonda mpaka juu ya mbavu zake ungeweza kuanika nguo. Asubuhi ingine nikakuta imezaa, imelala chini, shingo imejikunja kando. Ndama ilikuwa jike, nzuri, na alama nyeupe kwa uso. Haikuvuta pumzi hata mara moja.

Afande akafika, akapuliza filimbi. Naapa. "Kapteni! Simama! Simama wima!" Ghafula cheo imerudi. Ngombe ikamuangalia kama unavyoangalia inzi.

"Puliza tena," nikamwambia. "Labda ndama itasikia."

Akakimbia mwenyewe mpaka senta kwa maduka, viatu ya jeshi haijafungwa, kuita Ninsiima, daktari wa ngombe. Yule dada akatundika chupa, dawa ikaingia kwa mushipa ya shingo mpaka ikaisha.

"Ilikuwa inakula nini?" akauliza.

Afande akaangalia milima.

"Maganda," nikajibu. "Ilikuwa kwa adhabu."

Dada akamuangalia afande kutoka kofia mpaka viatu. Pole pole Kapteni ikapiga magoti, ikasimama.

Siku ileile nikaifunga upande yangu, nyuma ya jiko. Naikatia majani mwenyewe, naikamua mwenyewe. Maziwa ya zile zake yote inalipa deni ya daktari, na ya Kapteni simupi: afande anakunywa chai ya rangi. Si alisema hakuna mutu anakula bure?

Wazee wa kanisa wakakuja kunibembeleza. Eti Yesu alisema tusamehe saba mara sabini. Nikawaambia mimi niliacha shule P2, hesabu kubwa vile inanishinda.

Sasa anaamuka kabla yangu. Filimbi sijui alitupa wapi. Anakata matete, anabeba kwa kichwa, sajini muzima, majirani wanamucheka njia yote. Leo akaweka muzigo mbele ya Kapteni, akanyunyiza chumvi juu, akasimama pale na kikombe tupu, macho kwangu.

"Usiniangalie mimi," nikasema. "Muombe Kapteni mwenyewe."

Kapteni ikakula matete yote, ikalamba chumvi, ikamugeuzia matako.

Afande akaenda kuosha kikombe.